Bati, saruji na hisani: funzo la soko kutoka Katesh

BEI ya mfuko wa saruji mjini Katesh haipangwi Katesh. Inaanzia kiwandani, Tanga au Dar es Salaam, inaongezewa nauli ya lori hadi Babati, faida ya wakala, nauli ya Babati hadi Katesh, malipo ya vibarua wa kupakua, na mwisho faida ya mwenye duka. Anayeupeleka mfuko huo mbele zaidi, Basotu au Haydom, anaongeza nauli nyingine juu yake. Wasomaji wa ukurasa huu wanaujua mlolongo huo vizuri, kwani wengi wao wamo ndani yake. Wiki hii tunautazama kwa sababu nyingine kabisa: ndio unaoamua mtu aliyepoteza nyumba atakaa nje kwa muda gani.

Itakumbukwa kwamba Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka ikashuka na matope, mawe na magogo hadi kwenye makazi. Serikali ilieleza kuwa miamba ilinyonya maji mengi mpaka ikashindwa kujishikilia. Gendabi, Jorodom na mji wenyewe wa Katesh ni miongoni mwa sehemu zilizopigwa zaidi. Watu wapatao 89 walipoteza maisha. Takwimu za kwanza za Serikali zilitaja kaya 1,150 zenye watu 5,600 kuwa zimeguswa, na ekari 750 za mashamba kuharibika. Barabara ya Singida hadi Babati, ambayo ndiyo mshipa wa biashara ya wilaya nzima, ilifunikwa na tope. Tope hilo hilo liliingia madukani na kwenye vibanda vya biashara.

Misaada ilianza kumiminika mara moja. Mabenki, kampuni, taasisi za dini, vyama vya hisani na watu binafsi walileta unga, mchele, maharage, mafuta, magodoro, mablanketi na nguo. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikabidhi nyumba 109 zilizojengwa Waret, nyingi zikiwa zimejengwa na Serikali kupitia SUMA JKT na 35 zikiwa kazi ya Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini mfanyabiashara anayesoma hesabu ataona pengo mara moja: blanketi lilifika ndani ya siku chache, paa lilifika baada ya mwaka. Kati ya blanketi na paa ndipo familia zinapoumia, na ndipo biashara za wilaya zinapoweza kufanya kazi kubwa kuliko zinavyodhani.

Nyumba imehamia dukani

Zamani nyumba ya Mbulu haikuwa na duka ndani yake. Wairaqw walijenga tembe, nyingine zikichimbwa ubavuni mwa kilima, kwa miti, fito na udongo. Mbarbaig alijenga boma lake kwa miti na miiba ya porini. Aliyeunguliwa au kubomokewa aliitegemea mikono ya majirani, pombe ya wafanyakazi na miti iliyokuwa jirani. Alihitaji siku za kazi, hakuhitaji fedha taslimu. Kwa hesabu hiyo mtu hakuweza kukaa bila nyumba kwa muda mrefu isipokuwa amekosana na ukoo mzima.

Leo pita Dongobesh, Endasak au Bashnet uhesabu mapaa yanayong'aa. Nyumba ni tofali za kuchoma, saruji, mbao za mbili kwa nne, misumari, kofia za paa na bati la geji 28 au 30. Kila kimoja kinauzwa. Majirani bado wanakuja, wanasomba maji na kubeba tofali, lakini hawawezi kuleta bati kwa mikono yao. Kwa maneno mengine, nyumba imehamia dukani, na aliyepoteza nyumba sasa ni mtu anayehitaji mtaji kama mfanyabiashara anavyouhitaji. Mkulima mdogo anaupata mtaji huo mara moja kwa mwaka, anapouza alizeti, mahindi, mbaazi au vitunguu saumu. Bei ikianguka, paa linasubiri. Wakulima wa mbaazi wanaikumbuka Agosti 2017, India ilipoweka vizuizi vya kuingiza mbaazi na bei ikaporomoka huku magunia yakiwa stoo. Mwaka ule hata asiyepatwa na maafa hakuezeka.

Ndiyo maana tunasema kwamba suala la watu wasio na makazi katika wilaya hizi, ingawa linazungumzwa kama suala la huruma, ni suala la soko pia. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi amekaa katikati yake apende asipende.

Unga unapokuwa bure

Tuanze na jambo ambalo wafanyabiashara wengi hulisema pembeni na kuona aibu kulisema hadharani. Misaada ya vitu, ikizidi muda wake, inaua duka la jirani. Hanang na Mbulu ni wilaya za mahindi. Mwezi Desemba ni kweli mashamba yanapandwa na chakula cha majumbani kimepungua, lakini mahindi yapo kwenye maghala ya wafanyabiashara wa Katesh, Mbulu na Babati. Lori linapotoka Dar es Salaam limejaa sembe kuja wilaya inayouza mahindi, nauli ya safari hiyo imetupwa barabarani. Na mwenye mashine ya kusaga, ambaye pengine naye amezika ndugu na kuzoa tope sakafuni kwake, anakaa wiki kadhaa bila mteja.

Hatusemi misaada ya vitu isije. Siku tatu au nne za kwanza, barabara ikiwa imefungwa na watu wakiwa wamelala shuleni, chakula kilichopikwa, maji, dawa na blanketi havina mbadala. Kosa ni kuendelea na mtindo huo baada ya soko kufunguka. Siku mama lishe anapoweza tena kuwasha jiko, na duka la jumla kupokea mzigo, shilingi inayotolewa kwa hisani ifanye kazi mara mbili: impe mwathirika anachohitaji, na imrudishie mchuuzi wa hapo hapo mtaji wake. Nguo nazo ni hadithi yake. Mitumba ya bure huja kwa marobota, bila kuchambuliwa, na anayepata hasara ni mwanamke anayeuza mitumba mnadani, ambaye naye ana watoto wa kulisha.

Kuna pia msaada wa bidhaa zilizodorora: mzigo ulioshindwa kuuzwa, unaotolewa mbele ya kamera. Kila mwenye ghala anaujua. Tusiuite hisani.

Mwenye orodha na mwenye mzigo

Ushirikiano wa maana kati ya biashara na chama cha hisani unatokana na ukweli kwamba kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana. Chama cha hisani kina orodha. Wafanyakazi wake wa kujitolea wamepita nyumba kwa nyumba na viongozi wa vitongoji, wanajua nani amebomokewa kabisa, nani ana ukuta mmoja uliosimama, nani ni mjane, nani ni mlemavu. Mwenye duka hana orodha hiyo, na akijaribu kuitengeneza mwenyewe ataishia kuwapa wateja wake na shemeji zake. Kwa upande mwingine, mwenye duka ana mzigo, stoo, lori, dalali wa kiwandani na uzoefu wa kujua bati bandia kwa kuligusa. Chama cha hisani kikiingia chenyewe kwenye ununuzi kitauziwa geji 32 kwa bei ya 28.

Njia moja inayowakutanisha ni vocha. Chama kinaandikisha kaya, kinaingia mkataba na maduka matatu au manne ya mji huo, bei inakubaliwa na kubandikwa ukutani, kisha kaya inapewa vocha ya kuchukulia vifaa. Mwenye duka anakusanya vocha zilizotiwa saini, anazipeleka pamoja na risiti za mashine, analipwa. Inasikika rahisi, na kwa kiasi kikubwa ni rahisi. Lakini wilaya hizi tayari zina uzoefu wa vocha, na uzoefu huo unapaswa kuwekwa mezani kabla mtu hajatia saini.

Mpango wa vocha za pembejeo ulianza msimu wa 2008/09, mbegu na mbolea zikitolewa kwa wakulima kupitia mawakala wa vijijini. Ulifungua maduka ya pembejeo mahali ambapo hayakuwapo. Baadaye, hasa kwa msimu wa 2015/16, mawakala walibaki na madai yasiyolipwa kwa miaka. Wengine walikuwa wamechukua mikopo benki kwa ajili ya mzigo ule. Serikali ilipohakiki, ikaonekana pia kwamba madai mengine hayakuwa ya kweli: vocha zilitiwa saini na watu wasiopata hata kilo ya mbolea. Hivyo uliumia upande wa wakala mwaminifu, na upande wa mkulima, kwa wakati mmoja.

Kutokana na hayo, mwenye duka anayeombwa kuingia mpango wa vocha za ujenzi aulize mambo mawili kabla ya yote. Kwanza, atalipwa baada ya siku ngapi, na fedha hizo ziko benki tayari au zinasubiriwa kutoka kwa mfadhili? Duka la mji mdogo linalozungusha mtaji mara mbili kwa mwezi haliwezi kusubiri siku tisini. Malipo ya awali, hata ya theluthi moja, ndiyo yanayotenganisha ushirikiano na mali kauli. Pili, nani anahakiki kwamba aliyepewa vocha ndiye aliyechukua bati? Jibu zuri ni mtu wa tatu: mjumbe wa serikali ya kijiji pamoja na mwakilishi wa waathirika wenyewe, wakisimama dukani siku ya kuchukua mzigo.

Chama cha hisani nacho kiulize lake. Maduka manne yakikubaliana bei kimya kimya, vocha inageuka kuwa mrija. Dawa yake ni kuweka maduka ya mji wa pili kwenye mkataba, mathalani Babati, na kumruhusu mwathirika kuchagua. Ushindani hauna huruma, lakini katika jambo hili unamsaidia maskini kuliko hotuba.

Lori linalokuja tupu

Mchango mkubwa ambao mfanyabiashara wa Hanang na Mbulu anaweza kutoa haumo dukani. Uko barabarani.

Wakati wa mavuno, malori huja wilayani yakiwa matupu au nusu tupu kufuata mzigo: mbaazi na alizeti za Hanang, maharage na vitunguu saumu vya Mbulu. Yanaondoka yamejaa. Nauli ya kuingia wakati huo ni ndogo, kwa sababu mwenye lori analipwa tayari kwa safari ya kutoka. Tupige hesabu ya mfano. Lori la tani 10 hubeba mifuko 200 ya kilo 50. Tuseme kukodi lori kuleta saruji ni Sh. 600,000/-. Kila mfuko umebeba Sh. 3,000/- za nauli. Nyumba ndogo ya mifuko 60 ina Sh. 180,000/- za barabara peke yake, kabla saruji yenyewe haijanunuliwa. Kwa nyumba 10 ni mifuko 600, safari tatu, Sh. 1,800,000/-.

Sasa tuseme mnunuzi wa vitunguu saumu anakubali malori yake matatu yanayokuja tupu yapitie kwa wakala wa saruji. Anachotoa mfukoni ni mafuta ya ziada na vibarua, tuseme Sh. 150,000/- kwa safari. Jumla ni Sh. 450,000/-. Ameokoa Sh. 1,350,000/- bila kutoa shilingi hiyo mfukoni mwake. Kwa nyumba moja ni Sh. 135,000/-, ambazo ni milango, au bati kadhaa. Mtu huyo huyo angeombwa mchango wa fedha taslimu wa Sh. 1,350,000/- angejikuna kichwa. Msomaji aweke bei za wiki yake mahali pa hizi za mfano, hesabu haitabadilika tabia.

Kinachotakiwa ni chama cha hisani kujua ratiba ya mazao, na hapa tuwe wakweli, vyama vingi havijui. Vinaagiza saruji fedha za mfadhili zinapoingia, hata kama ni katikati ya masika, wakati njia za Haydom na Basotu zinatafuna malori na hakuna mzigo wa kurudi nao. Mfanyabiashara akiketi kwenye kamati ya ujenzi, hata bila kutoa senti, anaweza kuokoa fedha kwa kusema tu: tungoje wiki sita.

Kodi, akaunti na jina la kampuni

Wengine huuliza kama hisani inapunguza kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kifungu cha 16, inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa au kwa mradi wa maendeleo ya jamii kuondolewa kwenye mapato kabla ya kukokotoa kodi, ila usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Kampuni yenye mapato ya Sh. milioni 40 ikitoa Sh. milioni 1, kinachokubalika ni Sh. 800,000/-. Kwa kiwango cha kodi ya kampuni cha asilimia 30, nafuu yake ni Sh. 240,000/-. Si haba, lakini hakuna anayetajirika kwa hilo. Mwenye duka dogo anayelipa kodi ya makadirio kwa kufuata mauzo yake hapati nafuu hiyo kabisa, kwa kuwa kodi yake haihesabu matumizi. Kwa hiyo anayetoa kidogo kutoka kwenye kidogo ndiye asiyerudishiwa kitu. Ni kasoro, na vyama vya wafanyabiashara vingefaa kuisemea.

Bila kumbukumbu, hata hiyo nafuu ndogo inapotea. Barua ya chama cha hisani, ankara, hati ya kupokelea mzigo na risiti viwekwe kwenye faili. Na fedha zipelekwe kwenye akaunti iliyotangazwa rasmi. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 2016, Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa viongozi mkoani humo kwa madai kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Habari hiyo iliwafanya wafanyabiashara wengi nchini wafunge mikono. Imani ya mtoaji ikiondoka inachukua miaka kurudi, na anayelala nje hana miaka.

Kuhusu jina la kampuni kuandikwa ukutani, hatuna ugomvi nalo. Mfanyabiashara anauza kwa jina. Tunaloshauri ni kwamba bango liwekwe baada ya paa, wala si kabla ya msingi.

Paa lililo mbali na mnada

Sehemu hii ndiyo nzito kuliko zote, na inaanzia nje ya Manyara. Mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 yaliwatoa watu mabondeni, Jangwani na kwingineko. Serikali iliwapa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Walipata ardhi, na mahema ya kuanzia. Wasichopata ni wateja. Aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga Kariakoo alijikuta nauli ya daladala inakula faida. Baadhi waliuza viwanja na kurudi bondeni, wakalaumiwa kwa ukaidi. Mfanyabiashara hawezi kuwashangaa. Walifanya hesabu ya biashara.

Waret ipo mashambani, na Katesh ndipo penye mnada, stendi na hospitali ya wilaya. Familia ya mkulima inaweza kupapenda Waret. Familia ya fundi cherehani, mama lishe au mchuuzi wa vitunguu imepewa nyumba nzuri na wakati huo huo imeondolewa sokoni. Nyumba hiyo itakuwa makazi kwa kadiri biashara zitakavyoifuata: duka la rejareja, mashine ya kusaga, kituo cha bodaboda kwa nauli inayolipika, gulio dogo la wiki. Hakuna chama cha hisani kinachoweza kuanzisha gulio. Wachuuzi ndio wanaoweza, wakipata sababu ya kwenda. Sababu inaweza kuwa ndogo: halmashauri kusamehe ushuru wa meza kwa mwaka wa kwanza, au mwenye duka la jumla kuwapa wachuuzi wawili wa kijijini mali kauli ya sukari na sabuni ili waanze.

Jina la Waret halikuanza kusikika kwa ajili ya maafa. Wazee wa biashara ya nafaka watalikumbuka, pamoja na Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal na Gidagamowd, kama mashamba ya ngano ya NAFCO yaliyoendelezwa kwa msaada wa Kanada kuanzia mwaka 1970. Ngano ile ililisha viwanda vya unga vya nchi, na pia iliwatoa Wabarbaig kwenye malisho na makazi yao. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO ilifika hadi Mahakama ya Rufani miaka ya 1980. Tunalitaja kwa sababu katika tambarare hizi watu wamewahi kukosa makazi kwa sababu ya biashara, kabla hawajayakosa kwa sababu ya mlima. Mwekezaji anayetoa mabati kwa waathirika huku akigombana na kijiji juu ya mpaka wa shamba anapaswa kujua kwamba wenyeji wanaziona hesabu zote mbili.

Walio nje ya orodha

Kaya 1,150 zilizotajwa mwanzoni hazikuwa zote zimepoteza nyumba. Nyingine zilipoteza mazao, mifugo au sehemu ya jengo. Hata hivyo kati ya 1,150 na 109 kuna watu wengi ambao nyumba mpya si jibu lao. Wa kwanza ni mpangaji. Katika mji wa biashara kama Katesh, kijana wa dukani, mwalimu, fundi simu na mwanamke wa mgahawani hawana nyumba, wana chumba. Nyumba inapobomoka, anayeandikwa kwenye orodha ya kujengewa popote duniani ni mwenye nyumba. Mpangaji anabaki na madai ya kodi aliyolipa mbele kwa miezi sita, na vyumba vilivyosimama vimepanda bei kwa kuwa watu wote wanavitafuta.

Kwa mpangaji, ushirikiano unachukua sura nyingine, na ni nafuu kuliko ujenzi. Chama cha hisani kikilipa kodi ya miezi mitatu moja kwa moja kwa mwenye chumba, na mwenye chumba akasaini kutopandisha bei kwa mwaka, mtu anarudi chini ya paa ndani ya wiki. Mwajiri naye ana nafasi yake: mshahara wa mwezi mmoja ukitolewa mbele na kukatwa kidogo kidogo ni msaada ambao hauhitaji mfadhili kutoka nje.

Wa pili ni mchuuzi aliyepoteza kibanda na mzigo. Huyu pengine nyumba yake imesimama leo, lakini akikosa mtaji atashindwa kulipa kodi na ada za shule, na baada ya miezi sita atakuwa kwenye kundi la wasio na makazi bila tope lolote kumgusa. Anachohitaji ni wenye maduka ya jumla kumsogezea deni la zamani na kumpa mzigo mpya mdogo. Wapo wafanyabiashara wanaofanya hivyo kimya kimya kila panapotokea moto wa soko, na hawaandikwi magazetini. Chama cha hisani kinaweza kuuongezea nguvu utaratibu huo kwa kumdhamini mchuuzi: akishindwa kulipa, chama kinafidia nusu. Kwa fedha ya mablanketi mia moja unaweza kudhamini mitaji midogo mingi, na sehemu kubwa ya fedha hiyo itarudi ikatumike tena.

Mji wa Haydom unatoa mfano wa jinsi taasisi ya hisani na biashara zinavyoweza kulishana kwa muda mrefu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianza mwaka 1955 kwa kazi ya wamisionari wa Kinorwe, mahali palipokuwa porini. Wagonjwa na ndugu zao walihitaji kula na kulala, hospitali ilihitaji mahindi, kuni, mafuta na mafundi, na mji wa biashara ukaota kuizunguka. Hakuna aliyeuita ushirikiano. Taasisi ilinunua jirani, jirani akapata cha kuuza.

Kwa wale wenye mipango ya ujenzi wa hisani mwaka huu katika wilaya hizi mbili, ratiba ni hii. Mvua zikikoma, kati ya Mei na Juni, tofali zinaweza kufyatuliwa na kuchomwa. Oda ya saruji na bati itolewe wakati huo huo, ili mzigo upande kwenye malori yanayofuata mazao kuanzia Julai. Msingi na kuta viishe kabla ya Septemba, paa kabla ya Novemba. Mbao zinunuliwe mapema zikauke chini ya kivuli, kwani mbao mbichi ikiezekwa Oktoba itapinda mwezi wa Januari na bati litavuja. Wenye malori yanayokwenda Dongobesh, Haydom, Basotu na Katesh kufuata mzigo wanaweza kuacha siku zao za safari kwa mawakala wa saruji wa Babati kabla ya mwisho wa Juni.